Kutoka zahanati hadi Muhimbili: mwongozo kamili wa kupita katika mtandao wa hospitali za rufaa

Simama getini Muhimbili saa 12 asubuhi siku ya Jumatatu, utawatambua wageni bila kuuliza. Mzoefu kabeba bahasha ya kaki iliyotuna karatasi. Mgeni kabeba mgonjwa tu. Ikifika saa 4 mzoefu keshaonana na daktari, mgeni bado anazungushwa kutoka dirisha hili kwenda lile, wala si kwamba kuna mtu anamchukia. Hospitali kubwa ya rufaa haimjui mtu kwa sura. Inamjua kwa barua aliyokuja nayo, namba yake ya faili, majibu ya vipimo vyake na namna atakavyolipa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuwa na vitu hivyo vinne mkononi, iwe unaumwa mwenyewe au unamuuguza mzazi.

Nazungumzia Tanzania Bara. Kwa Zanzibar afya si jambo la Muungano. Wana wizara yao, hospitali yao ya rufaa ya Mnazi Mmoja, na taratibu zao.

Hatua ya kwanza: ijue ngazi, ijue na kanda yako

Chini kabisa kuna zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Hizo zote ziko chini ya halmashauri, na juu ya halmashauri ni TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Baada ya wilaya inakuja hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke na Mwananyamala kwa Dar es Salaam, Sekou Toure kwa Mwanza, Mawenzi kwa Kilimanjaro, Mount Meru kwa Arusha, Bombo kwa Tanga, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora, Ligula kwa Mtwara, na nyinginezo. Hospitali za mikoa ziliondolewa TAMISEMI na kuwekwa chini ya Wizara ya Afya kufuatia agizo la mwaka 2017. Lionekane ni jambo la wakubwa, lakini siku ukiwa na malalamiko litakuhusu: ya hospitali ya wilaya yanapelekwa halmashauri, ya hospitali ya mkoa yanapanda wizarani.

Juu ya mkoa ndipo penye hospitali za kanda, na hapa watu wengi huchanganya. Kanda ya Ziwa wana Bugando, pale kilimani Mwanza. Kaskazini wana KCMC, nje kidogo ya mji wa Moshi. Hizi mbili zilifunguliwa mwaka 1971, zote ni za makanisa (Bugando ya Wakatoliki, KCMC ya Walutheri), lakini kwa makubaliano na serikali ndizo hospitali za rufaa za kanda zao, na wagonjwa wa umma hupelekwa huko kama kawaida. Nyanda za Juu Kusini wana Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wanaokwenda kujifungua hupelekwa kwenye kitengo chake cha Meta, kwa hiyo mjamzito aliyeandikiwa rufaa ya Mbeya aulize mapema asije akashushwa kwenye jengo lisilo lake. Kanda ya Kati wana Benjamin Mkapa jijini Dodoma, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, iliyofunguliwa 2015. Kusini wana hospitali ya kanda Mtwara, na Chato nayo imejengewa ya kwake.

Kileleni kuna Hospitali ya Taifa Muhimbili na taasisi za kitaifa. Hapa shika mambo mawili, maana yamepotezea watu siku nzima.

La kwanza: Muhimbili ziko mbili. Iko ya Upanga, ambayo ndiyo watu wanaifikiria wakisikia jina, na iko ya Mloganzila, nje kabisa ya mji upande wa Kibamba, ukifuata Barabara ya Morogoro. Mloganzila ilianza kama hospitali ya kufundishia ya MUHAS, chuo kikuu cha afya kilichoko Muhimbili, ikaunganishwa na Muhimbili mwaka 2018. Barua yako ikiandikwa "Muhimbili" tu, muulize aliyeiandika: Upanga au Mloganzila? Ukitua Upanga kumbe kliniki yako iko Mloganzila, kwa foleni za jiji hili hesabu kwamba siku hiyo imekwenda.

La pili: ndani ya uzio uleule wa Upanga kuna taasisi zinazojitegemea. MOI, Taasisi ya Mifupa, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na licha ya jina lake haishughuliki na mifupa peke yake. Upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo uko hapo pia. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ilianza kujitegemea 2015. Kila moja ina mapokezi yake, faili zake na dirisha lake la malipo, na namba yako ya faili ya Muhimbili haina kazi MOI. Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko hata jirani. Iko ufukweni, karibu na Ikulu, katika majengo yaliyoanza enzi za Wajerumani. Wagonjwa wa akili wana Mirembe, Dodoma. Kifua kikuu sugu na magonjwa ya kuambukiza yana Kibong'oto, Kilimanjaro.

Hatua ya pili: hakikisha unaihitaji rufaa

Watu tuna imani kwamba dawa ya kweli iko Muhimbili. Nakubali kwamba imani hiyo ilikuwa na msingi zamani, wakati hospitali ya mkoa ilikuwa na daktari bingwa mmoja na mashine ya eksirei iliyokufa. Siku hizi mambo yamebadilika kuliko wengi wanavyojua. Baada ya 2021, kwa fedha za mkopo wa Uviko, hospitali nyingi za mikoa zilifungiwa CT scan. Kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo kunafanyika katika mikoa kadhaa. Tangu 2024 kuna pia kambi za madaktari bingwa, zile zinazoitwa za Mama Samia, ambazo huwapeleka mabingwa hadi kwenye hospitali za halmashauri kwa siku chache. Tangazo likitoka wilayani kwako, usilipuuze.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, muulize daktari wa wilaya au wa mkoa maswali haya: Ni kipimo gani au tiba gani ambayo hapa haipo? Hapo mnaponipeleka ipo na inafanya kazi? Nikisubiri mwezi mmoja kuna hatari gani? Daktari anayejua kwa nini anakutuma atajibu kwa sentensi mbili. Asipojua, kuna uwezekano rufaa unayoombewa ni ya kukuondoa wodini tu.

Henia ya kawaida, upasuaji wa kujifungua, kisukari kinachohitaji kurekebishiwa dozi, presha, mvunjiko wa mkono usio na jeraha wazi: haya kwa kawaida mkoa unayamudu. Uvimbe wa ubongo, moyo wa mtoto wenye tundu, saratani inayohitaji mionzi, kupandikizwa figo: haya panda. Upandikizaji wa figo ulianza nchini Muhimbili Novemba 2017, ukafuatia Benjamin Mkapa 2018. Mionzi ya saratani kwa miaka mingi ilikuwa Ocean Road peke yake, lakini Bugando nayo inaitoa, kwa hiyo mgonjwa wa Bunda au Bukoba hana haja ya kukimbilia Dar es Salaam kabla hajauliza Mwanza.

Hatua ya tatu: barua ya rufaa

Hapa nitakaa kidogo, maana mengi yanayoharibika huko mbele yameanza kuharibika hapa.

Barua mbaya ya rufaa unaijua kwa ufupi wake. Ina jina la mgonjwa, umri, kisha mstari mmoja: "Tunamleta kwa uchunguzi na matibabu zaidi." Muhuri, saini isiyosomeka, basi. Daktari anayeipokea hajui mgonjwa alianza kuumwa lini, amepewa nini, wala kipimo gani kimeshafanyika. Atafanya nini? Ataanza upya. Damu inatolewa tena, ultrasaundi inapigwa tena, na wewe unalipa tena kitu ulichokilipia wiki iliyopita.

Barua nzuri ina mambo haya, na una haki ya kuisoma kabla ya kuondoka:

- Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho au kadi ya bima. Mgonjwa akiwa "Mwajuma Saidi" kwenye barua na "Mwajuma S. Omari" kwenye bima, utatumwa kurekebisha.
- Hospitali unayokwenda na idara au kliniki yake. "Bugando" haitoshi, "Bugando, kliniki ya masikio, pua na koo" inatosha.
- Ugonjwa unaodhaniwa na sababu ya kukupeleka huko: kipimo, upasuaji, au ushauri wa bingwa.
- Ulianza kuumwa lini na dalili zimekwendaje.
- Vipimo vilivyofanyika, na majibu yake yameambatishwa. Picha ya eksirei au CT ibebe yenyewe, au omba kwenye CD, kwa sababu maelezo ya karatasi hayatoshi kwa daktari wa upasuaji.
- Dawa ulizopewa, dozi, na tarehe ya kuanza. Kama ulipewa antibayotiki ya sindano jana, ionekane.
- Mzio, mimba, kisukari, presha, na kama kuna dawa unazotumia kila siku.
- Jina la daktari linalosomeka, muhuri, tarehe, na namba ya simu ya hospitali.

Namba ya simu watu huipuuza. Ndiyo itakayomwezesha daktari wa Mbeya kumpigia mwenzake wa Sumbawanga na kumuuliza, "Huyu mama mlimpa nini?" badala ya kubahatisha.

Barua ikishakamilika, ipige picha kwa simu, kurasa zote, na toa nakala mbili. Halisi itabaki mapokezi au kwenye faili, na usitegemee kuiona tena.

Jambo lingine kabla ya safari: kila kliniki ya bingwa ina siku zake. Ngozi ina siku yake, mkojo siku yake, mishipa ya fahamu siku yake. Hospitali inayokutuma iulizie kwa simu, au uliza mwenyewe kitengo cha huduma kwa wateja cha hospitali unayokwenda. Ukifika siku ambayo si yako utaambiwa urudi wiki ijayo, na anayelipia gesti na chakula cha watu wawili wiki nzima ni wewe.

Ikiwa ni dharura, sahau foleni

Ajali, kifua kinachobana, kiharusi, mama anayetoka damu, mtoto anayeshindwa kupumua: hapa barua haitangulii uhai. Nenda kituo cha karibu, mgonjwa atulizwe kwanza, kisha asafirishwe. Kumpakia majeruhi wa kichwa kwenye bajaji na kupita hospitali tatu ukikimbilia kubwa ni kumpotezea muda wake.

Kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kuna mfumo wa m-mama. Piga 115, bure. Mpokeaji anauliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa na mahali alipo, kisha anatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana anaitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Ulianzia Kanda ya Ziwa, ukatangazwa wa kitaifa 2022. Iweke namba hiyo kwenye simu ya kila mtu nyumbani mwenye mjamzito, pamoja na ya baba mkwe ambaye hana imani na simu.

Mgonjwa wa dharura anapohamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine, dai mambo mawili kwa upole lakini kwa kung'ang'ania: hospitali inayopokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, na muuguzi aambatane na mgonjwa. Kufika bila taarifa na kukuta hakuna kitanda cha uangalizi maalumu ni jambo linalotokea, na simu moja ingelizuia.

Hatua ya nne: pesa

Njia ziko tatu: bima, taslimu, au msamaha. Ujue yako kabla hujafika dirishani.

Mwenye bima ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi 2001, akague mambo haya: uanachama uko hai, wategemezi wamesajiliwa, na barua ya rufaa ipo, kwa sababu bila rufaa hospitali za juu zinaweza kukukatalia au kukutaka ulipie mwenyewe. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo mikoa mingi ilikuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ukomo wake ulikuwa hospitali ya mkoa. Ukipanda kanda au taifa haikukufuata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadili mpangilio huu, kwa hiyo uliza ofisi ya bima ya wilayani kwako kifurushi chako kinagharamia nini na hadi ngazi ipi. Uliza hasa kuhusu MRI, vipandikizi vya mifupa na dawa za saratani. Hivyo ndivyo vinavyowashtua watu.

Anayelipa taslimu hatatoa noti mkononi mwa mtu. Anapewa namba ya malipo, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba, analipa kwa simu, wakala au benki, na risiti inatoka kwenye mfumo. Mtu akikwambia "nipe mimi nitakulipia, utapita haraka", hiyo ni rushwa hata kama amevaa koti jeupe. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

Asiyeweza kulipa ana njia rasmi, nayo haihitaji kulia kwenye korido. Sera inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, na wagonjwa wa baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi. Maskini asiye katika makundi hayo naye anaweza kuombewa. Anayeshughulikia ni afisa ustawi wa jamii, na kila hospitali ya rufaa anaye. Nenda kwake siku ya kwanza, si siku ya kutoka wakati deni limeshafika shingoni. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, kitambulisho, na kama kaya iko kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, uthibitisho wake. Atakuhoji, wakati mwingine kwa maswali yanayoudhi. Jibu kwa utulivu. Ana watu wengi wanaodanganya.

Msamaha mara nyingi hugusa huduma za hospitali na dawa zilizopo stoo. Dawa isiyopo utaandikiwa ukanunue nje. Hapo muulize daktari: ipo nyingine inayofanya kazi ileile ambayo bohari ya hospitali inayo? Mara nyingi ipo, ila aliandika jina la kiwandani kwa mazoea.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Fika mapema, umekunywa chai, isipokuwa umeambiwa uje bila kula kwa ajili ya kipimo. Mlolongo unafanana karibu kila mahali: mapokezi wanasoma rufaa na kukusajili, unapewa namba ya faili, unalipa au unahakikiwa bima, muuguzi anapima presha, joto na uzito, kisha unasubiri chumba cha daktari. Ukitoka na vipimo unalipia kwanza, unapimwa, unarudi kwa daktari yuleyule na majibu.

Namba ya faili iandike kwenye simu na nyuma ya kadi. Karatasi ikipotea unaweza kupatikana kwenye kompyuta. Namba ikipotea nayo, utakuta akina Neema John kumi na kila mmoja ana mwaka wake wa kuzaliwa.

Msindikizaji awe mmoja, awe anajua habari za mgonjwa, na awe anaweza kupanda ngazi. Ndugu sita wanaobishana mbele ya daktari kuhusu lini baba alianza kukohoa hawamsaidii baba.

Hatua ya sita: elewa kwamba uko darasani

Hospitali nyingi za kanda, na Muhimbili yenyewe, ni za kufundishia. Muhimbili ina MUHAS, ambayo mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanza Dar es Salaam 1963. Bugando na KCMC zina vyuo vyao, Benjamin Mkapa inafundisha wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Mbeya ina wanafunzi wa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asiyelijua hili hukasirika: "Nimeulizwa maswali yaleyale na watu wanne, hakuna daktari hapa?"

Madaktari wapo, ila wana vyeo. Wanafunzi wa udaktari ni wale vijana wenye madaftari. Wanasoma miaka mitano, hawaandiki dawa. Baada yao wako watarajali, waliomaliza shule na wako kwenye mwaka wa mazoezi. Ndio wanaokutoa damu usiku, ndio wanaokujua kuliko wote. Kisha madaktari wanaosomea ubingwa, ambao ndio wanaoendesha wodi kwa vitendo. Juu yao mabingwa, na juu zaidi mabingwa wabobezi na maprofesa, ambao utawaona kwenye raundi kubwa, labda mara moja au mbili kwa wiki. Ukiwa na swali la kila siku, mtafute anayesomea ubingwa. Ukiwa na uamuzi mzito, kama kukatwa mguu, omba kuongea na bingwa mwenyewe.

Raundi inakwenda hivi. Kundi la makoti meupe linazunguka kitanda. Mtarajali anasoma kwa Kiingereza cha haraka: umri, tatizo, siku ya kulazwa, majibu ya damu. Bingwa anauliza, mwanafunzi anayumba, bingwa anamkaripia, wanasogea kitanda kinachofuata. Mgonjwa kabaki na shuka lake, amesikia jina lake na neno "theatre", yaani chumba cha upasuaji. Mtoto wake anajua afanye nini. Anamfuata yule wa mwisho kwenye msafara:

"Samahani daktari, mama yangu ni yule wa kitanda cha 14. Mmeamua nini juu yake?"

"Damu yake iko chini. Tunamwongeza chupa mbili, akipanda tunampasua Alhamisi."

"Msipompasua itakuwaje?"

Daktari anasimama. "Uvimbe utaendelea kubana mkojo. Njoo saa 8 ofisi ya wodi nikuonyeshe picha."

Swali la pili ndilo lililomsimamisha. Daktari aliyechoka hujibu kwa ufupi anayeuliza "mama anaendeleaje?", lakini anayeuliza kuhusu uamuzi na mbadala wake humchukulia kama mwenzake. Na saa 8 uende kweli.

Wanafunzi kumgusa mgonjwa kunahitaji ridhaa yake. Una haki ya kusema hutaki kundi zima wakati wa uchunguzi wa sehemu za siri, au kuomba daktari wa kike awepo, na kukataa huko kusipunguze huduma unayopewa. Binafsi ningewaruhusu wanafunzi kwa yaliyobaki. Wanakaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na mara nyingi ndio wanaogundua kwamba bibi hajanywa dawa tangu juzi.

Fomu ya ridhaa ya upasuaji usiitie saini kabla ya kuelezwa kwa Kiswahili: wanakata nini, kwa nini, hatari zake, na nani atakayepasua. Mgonjwa mtu mzima mwenye fahamu zake anasaini mwenyewe. Shemeji hana mamlaka hayo.

Damu, na majibu ya kipande cha nyama

Damu haiuzwi. Inakusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama na hospitali zenyewe, na ndugu huombwa wachangie ili kujaza iliyotumika. Hawalazimiki kuwa wa kundi la mgonjwa. Waje wamekula, wamelala vya kutosha, na kama kuna upasuaji uliopangwa waje siku kadhaa kabla. Anayekutajia bei ya chupa kwenye korido ni tapeli.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mwili, kikichukuliwa kwenda kupimwa saratani, jiandae kusubiri, na wiki kadhaa si ajabu. Uliza mambo matatu palepale: kimepelekwa maabara gani, namba yake ya maabara ni ipi, na majibu yanachukuliwa na nani. Kwa kawaida matibabu ya saratani hayaanzi bila majibu hayo, kwa hiyo mgonjwa anayefika Ocean Road bila karatasi ya kinyama amefanya nusu ya safari. Fuatilia kila wiki kwa namba ya maabara, si kwa jina.

Ukilazwa

Beba kanga au shuka, kikombe, sabuni, kandambili na chaja. Dhahabu na fedha nyingi ziache nyumbani. Wageni wanaingia asubuhi, mchana na jioni kwa saa zilizobandikwa mlangoni, na mlinzi hana mamlaka ya kukuongezea. Sista wa zamu msalimie kabla hujaanza kuuliza. Andika kila siku dawa zilizotolewa na saa yake, maana zamu zinabadilika na mambo hupotea katikati.

Mambo yakienda kombo, anza na muuguzi kiongozi wa wodi, kisha dawati la huduma kwa wateja, kisha mganga mfawidhi au mkurugenzi. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 199. Uzembe wa kitaaluma unapelekwa kwa maandishi Baraza la Madaktari Tanganyika, na wa wauguzi kwa baraza lao. Andika tarehe, saa, wodi na kilichotokea. "Walinidharau" halichunguziki, "tarehe fulani saa 3 usiku mgonjwa aliomba msaada, hakuna aliyefika hadi saa 6" linachunguzika.

Msiba ukitokea na kuna deni, nenda ustawi wa jamii moja kwa moja. Maelekezo ya serikali ni kwamba mwili usizuiwe kwa sababu ya bili. Familia inaandikiana na hospitali namna ya kulipa.

Hatua ya mwisho: rufaa ya kurudi

Karatasi ya kuruhusiwa ni muhimu sawa na ile ya kuja nayo. Ionyeshe ugonjwa uliothibitishwa, upasuaji uliofanyika na tarehe yake, dawa za nyumbani na muda wake, dalili za kukurudisha haraka, na tarehe ya kliniki. Kisha uliza swali ambalo wachache huliuliza: je, ufuatiliaji huu unaweza kufanyika hospitali ya mkoa wangu? Kupimwa presha na kuongezewa dawa hakuhitaji basi la usiku kutoka Songea. Bingwa akikubali, akuandikie barua ya kurudi kwa jina la hospitali ya mkoa, ikieleza kipimo gani kifanyike kila baada ya muda gani, na katika hali gani urudishwe kwake.

Peleka barua hiyo ndani ya wiki ya kwanza, hata kama unajisikia mzima, ufunguliwe faili na ujue kliniki ya huko ni siku gani. Na dawa zikibaki za siku kumi, anza kutafuta nyingine. Stoo ya mkoa huenda ikahitaji kuagiza, na dawa za moyo au za kifafa si za kuruka hata siku moja.